Shuka halina mfuko: kwa mnaowacheka vijana "wanaolelewa" hapa Arusha

Fundi wa Barazani #1

Wakuu, heshima yenu. Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu. Leo naliweka hapa, na naomba mlisome lote kabla ya kunishukia.

Mimi ni fundi cherehani, niko kwenye baraza moja Ngarenaro, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Nashona kiasi, lakini kinachoniweka mjini ni kupunguza. Mtu ananunua nguo ya mtumba Kilombero, inampwaya, analeta niibane. Wateja wangu wengi ni vijana wa kiume, na kati yao wamo wale mnaowaita marioo, serengeti boi, vibenteni, kila mtaa na jina lake. Wengine wanalelewa na mashangazi wa hapa hapa mjini, yaani wanawake waliowazidi umri na fedha. Wengine wanasubiri msimu, wageni waje kupanda mlima na kwenda mbugani. Ni watu wazima wote, miaka ishirini na kuendelea. Nalisema mapema ili tusichanganye mada.

Ninachotaka kusema ni hiki. Hawa vijana hawalipwi kwa mapenzi peke yake, wanalipwa kwa kuonekana wanaume. Huo uanaume ni wa kuvaa, na anayechagua avae nini ni yule anayelipa. Halafu sisi mtaani tunawaambia kwamba wao si wanaume.

Ninalo daftari la vipimo, nimeshajaza saba. Mwaka 2004, 2005 kijana alitaka bwanga, chini inchi 11, na fulana ya kushuka mapajani. Alivaa ili wenzake wamwone. Baadaye zikaja modo, na sasa chini naandika inchi 6 na nusu, mpaka najiuliza mguu unapitaje. Hiyo ni fasheni ya kila mtu. Kwa hawa ninaowasema kuna kipimo kingine kilichobadilika, nacho ni kifua. Nina ukurasa wenye kijana mmoja mara nne ndani ya miezi kumi na minne: kifua 36, 38, 40, 41. Kiuno 30 mwanzo mpaka mwisho. Asubuhi jimu, mchana mayai, jioni anaruka mlo. Shati lililomtosha kifuani lilimpwaya tumboni, kwa hiyo nilimwekea dati mbili mgongoni, ile mikunjo ya kubana kiuno, zile zile ninazoweka kwenye blauzi ya mama. Ili aonekane dume, nilimshonea mshono wa kike. Yeye hakujua, alijitazama tu kwenye kioo akanyoosha mabega.

Mavazi yao yako ya namna mbili. Anayetoka na shangazi wa hapa anavaa kadeti iliyopigwa pasi, moka bila soksi, shati jeupe au la bluu lililombana mikononi, saa kubwa, manukato. Anatakiwa aonekane ana kazi ofisini, hata kama hajawahi kukanyaga ofisi. Mama hataki kuonekana amekaa na mtoto wa kijiweni. Anayetoka na wageni, kinyume chake. Huyo akivaa kadeti na moka hapati mtu. Anatakiwa avae shuka jekundu, shanga, ndala za matairi, nywele zisukwe, akae kama ametoka nyikani jana.

Sasa nifike kwa kijana niliyekusudia. Nitamwita Dogo. Alitoka Rombo, akanijia ana miaka ishirini na moja, nimfundishe kazi. Mikono yake ilikuwa mizuri. Kola ya shati, ambayo wanafunzi wengi wanaikimbia, yeye aliishona kwa siku nne ikakaa. Alikaa nami miaka miwili. Masika moja kazi zikakata, akaenda Moshi kutafuta upagazi. Akapandisha mizigo mlimani msimu mzima. Huko akafahamiana na mama mmoja wa Ulaya, mtu mzima, mwenye fedha zake. Wakawa wanaandikiana. Yule mama aliporudi mwaka uliofuata alitaka waende Zanzibar wiki tatu, na akamwomba avae kimasai.

Dogo ni Mchaga wa Rombo. Kimasai hajui hata salamu. Akanunua mashuka mawili pale soko la vinyago, akaja nayo barazani. Shuka halishonwi, mnajua, lile ni kitambaa na matamvua yake, unajifunga basi. Nikamuuliza unataka nikufanyie nini hapa? Akaniambia, "Fundi, hili shuka halina mfuko. Simu yangu nitaweka wapi? Hela yangu nitaweka wapi?"

Nikamkatia mfuko kwenye kipande cha bitana ya suruali, nikaushona kwa ndani, upande wa kushoto, chini ya kwapa. Uzi mwekundu ili usionekane.

Mteja amefika. Nitaendelea jioni.

Chalii wa Sanawari #2

Fundi nimekaa mkao wa kusoma. Endelea.

Jasho la Mwanaume #3

Mkuu, nakuheshimu kama fundi, ila unatetea uvivu. Mwanaume ni jasho. Mimi nimeingia shimoni Mererani nikiwa kijana, nimetoka na vumbi mpaka kwenye meno, sijawahi kuomba mwanamke hata nauli. Leo kijana mwenye kifua cha 41 anangoja anunuliwe moka. Hicho kifua si abebe nacho matofali? Tuwaite majina yao tu, labda wataona aibu warudi shambani.

Mwalimu wa Zamu #4

Fundi, umegusa jambo la zamani sana. Mimi nafundisha historia, naomba nichangie, kwa sababu hili la nguo ulilolisema halikuanzia Arusha.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, mjini Athens, kulikuwa na sheria kwamba raia mwanaume aliyewahi kuuza mwili wake haruhusiwi kusimama kuhutubia baraza la wananchi. Mwanasiasa mmoja, Timarchus, alishtakiwa kwa sheria hiyo na mpinzani wake, Aeschines. Akashindwa, akapoteza haki zake za uraia. Aliyemnunua hakufungiwa mdomo, aliyefungiwa ni aliyenunuliwa. Na ndani ya hotuba ile ile Aeschines anamgeukia Demosthenes, aliyekuwa upande wa Timarchus, na kumsema kwa mavazi: nguo zako ni laini kiasi kwamba zikipitishwa mikononi mwa mahakimu, hawatajua wameshika ya mwanaume au ya mwanamke. Mtu anahukumiwa kwa kitambaa.

Njoo London wakati wa Malkia Victoria. Askari wa vikosi vya walinzi wa kifalme, wale wa koti jekundu, walilipwa mshahara mdogo, na baadhi yao walikuwa wakikutana na mabwana wenye fedha kwenye bustani ya Hyde Park, jirani na kambi yao. Wateja walikuwa wanaume wenzao. Kilichowavuta ni koti jekundu, vifungo vinavyong'aa na buti. Askari huyo huyo akivaa kiraia, bei inashuka. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, mtaa wa 42 kule New York, vijana waliosimama kungoja wateja walivaa jinzi, fulana nyeupe, jaketi la ngozi na buti. Jinzi ni nguo ya kibarua. Hati ya ubunifu wa zile njumu za shaba mifukoni ilitolewa mwaka 1873, na zilipigwa ili mifuko isipasuke kwa mtu wa kazi nzito. Kijana ambaye huenda hajawahi kupakua mzigo hata mmoja bandarini alivaa kama mpakuzi, kwa sababu mteja alitaka mpakuzi.

Lakini msidhani kila mahali wanataka dume la misuli. Tokyo, tangu miaka ya 1960, na leo hasa mtaa wa Kabukicho, kuna klabu ambazo wanawake wanalipia kukaa na vijana wa kiume, kunywa na kusikilizwa. Kijana wa pale ni mwembamba, suti imemkaa, nywele zimepulizwa mpaka zimesimama, uso umepakwa poda. Huko huo ndio uanaume unaouzwa. Na Jamaika kuna vijana wa ufukweni wanaofuga rasta kwa ajili ya wageni, wala imani ya Rastafari hawana. Kwa hiyo Dogo wako, Mchaga ndani ya shuka la Mmasai, ana ndugu wengi duniani.

Kaka Jasho, wewe uliingia shimoni, na hilo ni la heshima. Lakini hata wanaapolo, wachimba madini wa Mererani, tuliwajua kwa mavazi. Jiwe likitoka, kesho yake yuko na buti mpya na cheni shingoni. Hukuvaa vile ili jasho lionekane?

Jasho la Mwanaume #5

Nilivaa. Ila nilivaa changu.

Fundi wa Barazani #6

Kaka Jasho, hilo neno lako, "changu", ndilo nililokuwa natafuta tangu asubuhi. Ngoja nimalize habari ya Dogo.

Alirudi kutoka Zanzibar baada ya wiki tatu, mweusi kwa jua, ana simu mpya na viatu alivyoletewa kutoka Ulaya. Mtaani walimshangilia. Wale wale waliomwita marioo walikaa naye kijiweni akawanunulia chipsi mayai. Mimi nilimwona hacheki sana, nikadhani ni uchovu.

Yule mama alikuwa anakuja tena baada ya miezi minne. Wiki moja kabla, Dogo akaja barazani jioni, wateja wameshaondoka, akalitoa lile shuka kwenye mfuko wa rambo. Akaniambia, "Fundi, nifumulie ule mfuko."

Nikamuuliza kwa nini, umechanika?

Akakaa kwenye benchi. Akaniambia yule mama aliugusa mfuko siku ya pili tu. Akamuuliza unaficha nini? Akautoa nje akautazama, akaona bitana, akaona mshono wa cherehani, akanuna siku nzima. Alisema Mmasai wa kweli hawezi kuwa na mfuko kama wa suruali. Alisema pia kwamba kama kila kitu analipa yeye, hela za kuweka mfukoni ni za nini? Tangu siku hiyo simu ya Dogo ilikaa kwenye pochi ya mama, pamoja na kitambulisho chake na kila alichopewa. Akitaka kumpigia mama yake mzazi Rombo, anaomba.

Sisemi yule mama alikuwa mbaya. Dogo mwenyewe hakumsema vibaya, alisema anamjali, akiumwa anakesha naye. Nasema tu kilichofanyika.

Nikachukua kiwembe nikaufumua ule mfuko. Haikuchukua hata dakika tatu. Nikavuta vipande vya uzi kimoja kimoja ili shuka lisibaki na alama, na kazi ile niliifanya vizuri kabisa, hata mimi sikuona mahali ulipokuwa. Dogo akalikunja, akanipa elfu mbili, nikapokea.

Wakuu, hiyo elfu mbili ndiyo inayonifanya niandike haya. Ningeweza kumwambia kaa, kesho kuna kola tano za sare za kushona. Sikusema. Nilimwona mtu mzima anayejua lake, tena aliyenizidi kipato. Huyu mtu kila anapoangaliwa anaonekana simba, kifua wazi, rungu mkononi, kisha hana hata mahali pa kuweka shilingi mia tano yake. Nani kati yetu angemsikiliza akisema ameonewa? Tungemwangalia lile rungu.

Ole wa Longido #7

Fundi, nimesoma na moyo umeniuma kwa sababu mbili. Mimi ni Mmasai, naomba niseme upande wa shuka.

Mnalijua shuka kama nguo ya watalii. Babu yangu alishushwa kwenye basi kwa ajili ya shuka. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada tu ya Azimio la Arusha, serikali iliendesha kampeni katika mkoa huu huu kwamba Wamasai waache shuka, waache kupaka ngeu, ule udongo mwekundu, wavae suruali ndipo waonekane watu wa maendeleo. Babu alisimulia kwamba kulikuwa na suruali moja ya kuazimana. Mnafika karibu na mji, anayeingia sokoni anaivaa, akirudi anampa mwenzake. Alikuwa mzee mwenye ng'ombe na wake na watoto, na karani kijana alimwambia amekuja mjini uchi. Yaani shuka lilimfanya asihesabike kuwa mwanaume kamili. Leo shuka lile lile ndilo linalomfanya Mchaga ahesabike kuwa mwanaume kuliko wanaume.

La pili ni umorani. Umorani si sura, ni rika. Unaingia, unakaa miaka yako, kisha inafanyika eunoto, sherehe ya kuuaga umorani, mama yako anakunyoa nywele, na hapo unaanza safari ya kuwa mzee. Nimeona wanaume wanalia wanaponyolewa, wanaume ambao hawakulia kwenye jando. Ukishanyolewa umenyolewa. Sasa ninao wenzangu wa rika langu, wana watoto wanasoma, wako ufukweni wamesukwa nywele za dukani na kupakwa rangi nyekundu, kwa sababu mgeni anataka morani, hataki baba wa watoto watatu. Wakirudi nyumbani kwa likizo wanazifumua kwanza Arusha, wanafika kijijini na kofia. Wazee wanajua. Hawasemi kitu, ila kwenye kikao wakizungumza hakuna anayewajibu.

Mwalimu ametaja lile baraza la Athens. Hapo niliposoma niliacha kwanza simu nikatoka nje.

Chalii wa Sanawari #8

Ole pole sana kaka. Mzee wangu naye alikuwa anasimulia ya 1969, Vijana wa TANU Dar wanakamata mini, mawigi na suruali za kubana. Suruali ya kubana ilikuwa kosa kwa mwanaume! Leo fundi anabana mpaka inchi 6 na nusu. Kila zama kuna mtu anayeshika futi.

Mama Mjane #9

Fundi, mimi sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Nina miaka 54. Nimekuwa shangazi wa mtu. Mnatuandika sana lakini hamjawahi kutuuliza.

Mume wangu alifariki ghafla. Watoto wako mbali. Mwaka wa pili nikamfahamu kijana mmoja wa miaka ishirini na tisa aliyekuwa anakuja kurekebisha umeme nyumbani. Sikumnunua kama mnavyodhani, au labda nilimnunua bila kujiambia. Ninachotaka kusema ni cha nguo, kwa sababu uliposema anayelipa ndiye anayechagua, nilijiona.

Alikuja akiwa na fulana za mpira na jinzi zilizokwisha magotini. Nikamnunulia kadeti mbili, rangi ya kahawia na ya bluu iliyokolea. Nikamnunulia mashati ya mikono mirefu akunje mara mbili. Nikamnunulia moka nyeusi namba 42, ingawa yeye alikuwa anavaa 43, zikambana, akanyamaza. Kisha siku moja nikaenda duka la manukato nikachukua chupa ileile. Jioni alipotoka chumbani amejipulizia, nilikaa kitini nikashindwa kusimama. Kadeti za kahawia, shati limekunjwa mara mbili, moka 42, na harufu ile. Nilikuwa nimemvalisha marehemu.

Na yule kijana alijua. Aliona picha ukutani siku nyingi. Alizivaa tu kwa sababu nilizinunua. Nilimwuliza mbona hukuniambia viatu vinabana, akasema, "Mama, ungefurahi?" Hapo hata jina langu hakuniita.

Tuliachana kwa heshima. Fulana zake nilikuwa nimezitoa kwa mlinzi, kwa hiyo aliondoka na nguo za mtu mwingine.

Fundi wa Barazani #10

Shikamoo mama.

Pole kwa msiba, na asante kwa kutuamini. Hiyo 42 na 43 nimeielewa kama fundi. Nguo ikimbana mtu na hasemi, kuna sababu. Kuanzia kesho nitakuwa nauliza.

Mama Mjane #11

Marahaba, fundi. Mungu akubariki.

Nesi wa Moshi #12

Naomba niweke mambo mawili ya kazi yangu, maana uzi huu unasomwa na wahusika wenyewe.

Kwanza, afya. Wanaume hawa huwa wanakuja wakiwa wamechelewa. Nimempokea mwanaume mrefu, amevaa vizuri, anasema anaumwa kichwa. Dakika ishirini za kichwa, ndipo anasema. Nimejifunza kutomharakisha. Kama umelazimishwa, au kinga imepasuka, au mteja amekataa kinga na hukuweza kubishana naye, zipo dawa za kuzuia VVU baada ya tukio, zinaitwa PEP. Unatakiwa uzianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha unazimeza siku 28. Kwa mwenye hatari ya mara kwa mara, ipo PrEP ya kumeza kabla. Nenda kliniki ya CTC, ile ya huduma za VVU, iliyo karibu nawe. Huna haja ya kusimulia maisha yako yote. Sema tu saa ngapi ilitokea.

Pili, sheria. Watu wananiuliza, mwanaume akilazimishwa si aende polisi? Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kinaeleza ubakaji kama jambo analofanya mwanaume kwa mwanamke au msichana. Mwanaume mtu mzima aliyetendewa hayumo kwenye maneno hayo. Na yule ambaye mteja wake ni mwanaume anaogopa zaidi, kwa sababu akifungua mdomo anajishtaki mwenyewe kwa kosa ambalo kwetu lina kifungo hadi cha maisha. Kwa hiyo anavaa vizuri, ananyamaza, anakuja kwangu na kichwa kinachouma.

Jasho la Mwanaume #13

Nimesoma yote mpaka hapa. Biashara yenyewe bado siikubali, sitadanganya. Ila lile la kuwaita majina narudisha. Nina mdogo wangu yuko Zanzibar mwaka wa tatu, anasema ni mlinzi wa hoteli. Sijawahi kumuuliza anavaa nini kazini.

Fundi, Dogo yuko wapi sasa?

Fundi wa Barazani #14

Kaka Jasho, mpigie mdogo wako. Usianze na nguo, anza na habari za nyumbani.

Dogo alikaa na yule mama misimu miwili mingine. Akampeleka Ulaya miezi mitatu, wakati wa baridi. Aliniambia kule alivaa jaketi na suruali nzito kama kila mtu, na ndani ya wiki ya kwanza akaona yule mama amepoa. Barabarani alikuwa mtu mweusi ndani ya jaketi, basi. Siku ya wageni nyumbani alimwomba avae shuka, sebuleni, nje theluji. Akavaa. Mmoja wa wageni akamwomba aruke. Dogo hajui kuruka kimasai, lakini aliruka. Aliponisimulia hapo alisimama barazani akanionyesha alivyoruka, mara mbili, kisha akakaa, tukanyamaza mpaka muadhini akaanza kuadhini.

Alirudi peke yake. Mwaka mzima hakushika sindano, alikuwa analala tu kwa dada yake Majengo, Moshi. Nilimfuata mara mbili. Mara ya pili nilibeba gunia la mitumba iliyohitaji kubanwa, nikamwambia nimezidiwa, nisaidie. Sikuwa nimezidiwa. Sasa ana cherehani yake pale soko la Memorial, anapunguza suruali za watu. Alipofungua alinitumia picha ya suruali ya kwanza aliyojikatia mwenyewe, kadeti ya kijani, ina mifuko minne mbele na miwili nyuma. Nikamtania, mbona hukuweka sita huko mbele? Akajibu, "Fundi, ningepata kitambaa ningeiweka."

Amesoma habari hii yake kabla sijaipandisha. Sentensi mbili alisema nizitoe, nikazitoa. Hili la kuruka alisema nilibakize.

Mgeni wa Leo #15

Shikamoo fundi. Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya kukuandikia. Niko Sekei. Nasafiri Alhamisi, nakwenda Nungwi, Zanzibar, sina namna, kodi ya chumba imefika. Nina shuka moja la bluu na jekundu.

Ungeweza kuniwekea mfuko? Usioonekana.

Fundi wa Barazani #16

Marahaba mdogo wangu.

Njoo kesho. Saa mbili asubuhi nimeshafungua, baraza lenye mwavuli wa kijani, watakuonyesha. Chini ya kwapa pameshajulikana, tutafute pengine. Nafikiria kwenye ukingo wa chini, pale matamvua yanapoanzia: tunakunja pindo dogo, noti inaingia ikiwa imekunjwa mara nne, na laini ya simu ya akiba. Akiushika ataona ni pindo tu.

Usije na hela. Njoo umevaa nguo zako mwenyewe, nichukue na vipimo vyako kwenye daftari, kwa ajili ya ukirudi.